Kumtafutia Labrador mwenzake: mbwa wa kusimama kwa nyasi za Uganda

Mfugaji mmoja wa Nyabushozi, magharibi mwa Uganda, alinijia na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo na ya kufundisha mbwa wa kuwinda ndege. "Daktari," akaniambia, "huyu Labrador wangu ananitosha kwa kukurupusha ndege na kwa kuleta waliopigwa, lakini kwale wanaruka mbali kabla sijafika. Niambie ninunue mbwa gani wa kusimama." Nikamjibu, "Mzee, kabla hatujazungumza juu ya mbwa utakayemnunua, naomba nimwone huyo uliye naye." Tukatoka uani, nikamwachia njiwa wa kufugwa hatua kumi mbele ya mbwa. Labrador alimfukuza njiwa hadi ng'ambo ya josho la ng'ombe, na filimbi ya mwenyewe ilipigwa mara nne bila kusikilizwa. Nilimweleza mzee kwamba mbwa wa kusimama, awe wa aina yoyote ile na awe amegharimu kiasi chochote kile, angeharibika katika wiki ya kwanza akifanya kazi na mbwa huyo.

Sababu yake iko katika kazi zenyewe mbili. Mbwa wa kukurupusha, kama alivyo Labrador aliyefundishwa hivyo, hupekua nyasi mbele ya bwana wake akielekea kushoto na kulia, na akipata harufu huingia moja kwa moja mpaka ndege aruke. Kwa kuwa marisau ya bunduki hayafanyi kazi ya kuaminika zaidi ya mita 35 hivi, mbwa huyo lazima awe karibu wakati wote. Mbwa wa kusimama hufanya kinyume chake. Akipata harufu huganda, pua ikielekea alipo ndege, na kwale, ambaye kinga yake ya kwanza ni kujibanza chini na kutumaini hajaonekana, hubaki palepale mpaka watu wafike. Kwa hiyo mbwa wa kusimama anaweza kutafuta mbali kuliko marisau yanavyofika, ilimradi akisimama asisogee. Unapowaweka wawili hawa pamoja, kila mmoja ana silika inayoweza kuivunja ya mwenzake: Labrador akimwona mwenzake ameganda huelewa haraka kwamba pale pana ndege, hukimbia kumkurupusha, na baada ya mara tatu au nne mbwa wa kusimama hujifunza kwamba anayengoja hukosa. Siku ya tano hangoji tena.

Hata hivyo, ushirikiano huu si wazo geni. Katika mashamba makubwa ya kuwindia tomboro kusini mwa Georgia, Marekani, mbwa wa kusimama hutafuta ndege, na Labrador au mbwa mdogo aina ya koka hupanda garini, akashushwa tu pale mwenzake aliposimama ili akurupushe na kuleta. Mpango huo ndio ninaoufuata hapa kwetu, isipokuwa gari limeachwa na nafasi yake imechukuliwa na neno "kando", yaani Labrador hutembea ubavuni mwa mguu wangu mpaka aitwe.

Niseme pia jambo la sheria kabla ya kuendelea. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, ndege wa porini ni mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi, na kumwinda kanga au kwale bila ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori ni kosa, hata kama amelala katikati ya malisho yako. Omba kibali kwanza, na suala la kutumia mbwa liulize kwa maandishi. Mafunzo karibu yote ninayoyaeleza hapa hufanyika bila bunduki, kwa njiwa na tomboro wa kufugwa.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Watu wengi huanza na pua, wakitaka mbwa mwenye pua kali kuliko wote. Mimi huanza na umbali, kwa sababu mbwa wangu wa kwanza wa kusimama alikuwa Pointa wa Kiingereza mwenye pua ambayo sijaiona tena kwa mbwa mwingine, na nilimpoteza kwa muda wa saa sita karibu na Nakasongola. Alikuwa wa ukoo uliofugwa kwa ajili ya uwanda mtupu. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba angefaa mahali popote, nami sikuuliza wazazi wake walikuwa wakifanya kazi wapi. Mbwa alikata upepo mita mia tatu mbele yangu, akasimama katikati ya nyasi zilizomzidi kimo, na hakuna aliyejua kwamba amesimama. Alikuwa anafanya kazi yake kwa uaminifu wote. Nilimkuta amelala chini ya mgunga, ulimi umekauka, na tangu siku hiyo sijamlaumu mbwa kwa kosa la kuchaguliwa vibaya.

Uwanda wetu si moor, ile nyika wazi ya vilimani ya Uskoti, ambako mbwa mweupe huonekana kutoka kilima cha pili. Mvua zetu mbili kwa mwaka hukuza nyasi hadi kifuani, vichaka vya migunga hukatiza njia, na kwale wetu hupenda kingo za vichaka kuliko mahali pa wazi. Mbwa anayefaa kwangu ni yule anayetafuta kati ya mita 40 na 100, anayegeuka mwenyewe kuangalia bwana wake yuko wapi, na anayebadilisha umbali kadiri nyasi zinavyobadilika. Sifa hiyo huja zaidi na ukoo kuliko mafunzo. Unaweza kumfundisha mbwa kusimama kwa filimbi, lakini kumlazimisha anayependa mbali akae karibu ni kumzima moyo.

Ndiyo maana mara nyingi hupendekeza Pointa wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi. Wajerumani wa karne ya 19 walitaka mbwa mmoja anayeweza kutafuta, kusimama, kufuata damu na kuleta, huku Waingereza wakigawa kazi hizo kwa mbwa mbalimbali, na tofauti hiyo ya kihistoria inaonekana mpaka leo: mbwa wa Kijerumani hutafuta akiwa na bwana wake mawazoni. Mnunuzi mwangalifu ataniuliza kwa nini alipie uwezo wa kuleta wakati tayari ana Labrador. Ni swali la haki. Pointa wa Kiingereza, ambaye wengi wao hawana hamu kubwa ya kuleta, kwa kweli anakamilisha kazi ya Labrador vizuri zaidi, na kwa mtu mwenye ranchi iliyochungwa mpaka nyasi zikawa fupi kama zulia, ningempa huyo bila kusita, mradi wazazi wake ni wa kutafuta karibu. Lakini kwa nyasi ndefu ninanunua ukaribu na usikivu, na uwezo wa kuleta ninaupokea kama nyongeza ambayo itabidi niisimamie, kwa sababu mbwa wawili wanaotaka ndege mmoja hugombana au humrarua.

Brittany wa Ufaransa nampenda kwa dhati. Ni mdogo, aghalabu hafiki kilo 20, hutafuta karibu, na hamlemei mtu nyumbani. Tatizo lake ni manyoya ya miguuni na masikioni, ambayo hukusanya kishona nguo kiasi kwamba nimewahi kutumia saa nzima nikimchambua mmoja kwa vidole. Akinyolewa sehemu hizo kabla ya msimu, anafaa sana. Mbwa aina ya seta, wa Kiingereza, wa Ayalandi na wa Gordon, wana shida hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, na juu yake kupe hujificha mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi. Vizsla wa Hungaria ni mpole na hukaa karibu, lakini rangi yake ni ile ya nyasi za Julai; akisimama, anapotea machoni. Weimaraner sikumpata hata mmoja wa kunishawishi kwa kazi hii.

Rangi naichukulia kwa uzito kuliko wengi. Nachagua mbwa mwenye weupe mwingi, na bado namfunga njuga shingoni kama walivyofanya wawindaji wa zamani wa huku kwetu. Wao waliisikiliza njuga ili wajue mbwa yuko wapi. Mimi nasikiliza inaponyamaza.

Joto ndilo linaloua. Mbwa mwenye afya ana nyuzijoto kati ya 38.3 na 39.2, na akipita 41 yuko hatarini, haidhuru ni wa aina gani. Hatoki jasho kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema, na anayehema kwa mdomo wazi hanusi vizuri. Kwa hiyo hata kabla joto halijamdhuru, tayari limemfanya awapite ndege. Tunafanya kazi kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, umande ukiwa bado umeshikilia harufu, na maji tunayabeba mgongoni. Mbwa wa manyoya mafupi, mwembamba, mwenye miguu mirefu hustahimili muda huo bila taabu. Labrador, ambaye ngozi yake ilitengenezwa kwa maji baridi ya Newfoundland, hastahimili, na hapa ndipo mpango wa kumweka kando unapomfaa yeye mwenyewe: anatembea polepole, anafanya kazi ya dakika mbili, anarudi kivulini.

Kuhusu maradhi, ushauri wangu ni kununua mbwa aliyezaliwa na kukulia Afrika Mashariki kila inapowezekana. Mbwa aliyeletwa kutoka Ulaya akiwa mkubwa aghalabu hukutana na babesia, maradhi ya damu yaletwayo na kupe, na nagana iletwayo na mbung'o, bila kinga, na nimewazika wawili wa namna hiyo. Ukiona jicho la mbwa limefunikwa na wingu la rangi ya samawati, huenda ni nagana; usingoje kesho. Wala usimdunge mwenyewe diminazene, dawa ya nagana ya ng'ombe: kwa mbwa, dozi inayotibu na dozi inayoharibu ubongo ziko karibu mno.

Mbwa wangu wa sasa ni Tulia, jike wa Kijerumani mwenye madoa ya kahawia juu ya weupe, na Labrador wangu mweusi anaitwa Bahari. Kwa mwaka mzima hawakufanya kazi pamoja hata siku moja. Bahari alifundishwa kuketi kwa mlio mmoja wa filimbi na kuketi mwenyewe ndege anaporuka, Tulia alifundishwa kubaki alipo mpaka niguse bega lake, na kila mmoja ana maneno yake ambayo mwingine hayatumii. Baada ya hapo Bahari alifungwa kamba na kukaa akimtazama mwenzake akisimama juu ya tomboro kizimbani, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka akaacha kulia.

Asubuhi ya kwanza ya pamoja ilikuwa katika ranchi yenye kibali, na bunduki tuliiacha nyumbani kwa makusudi. Tulia alikuwa mita 60 hivi upande wa upepo, akipita ukingo wa kichaka, mara kichwa kikageuka kana kwamba kimevutwa kwa uzi. Mguu wa mbele wa kushoto ulibaki hewani. Njuga ikanyamaza. Tulimwendea bila kusema neno, Bahari ubavuni mwangu, ute ukimning'inia mdomoni na mkia ukifagia vumbi kila niliposimama. Nilizunguka ili nimtume kutoka pembeni, kwa sababu mbwa akipitishwa mbele ya pua ya mwenzake aliyesimama, unamwomba yule aliyesimama jambo lililo juu ya uwezo wake. Nikasema "Ingia." Bahari aliingia chini ya miiba, majani yakatikisika, kwale wawili wakatoka kwa kishindo cha mbawa, naye akaketi hapohapo, kichwa juu, akiwatazama wakiondoka. Tulia alikuwa anatetemeka kuanzia mabega hadi ncha ya mkia, na hakusogea hata unyayo mmoja. Nilimgusa bega kwanza yeye, kisha nikamtupia Bahari njiwa wa mazoezi, akamleta.

Mzee wa Nyabushozi alikuwepo asubuhi hiyo. Alinunua filimbi mpya njiani akirudi nyumbani, na kwa sasa Labrador wake anaketi mara sita katika kumi njiwa anaporuka. Tumekubaliana kwamba atakapofika tisa, tutaenda pamoja kutazama wazazi wa mtoto wa mbwa aliyemwona, wakiwa kazini, katika nyasi ndefu.