Wakili si lazima awe mbunge ndipo awe waziri

Barazani Malindi, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, nimelisikia tena juzi: "Wakili akitaka uwaziri, kwanza agombee ubunge." Hapana. Zamani ilikuwa kweli hapa Kenya, na mfano tunao hapa hapa nyumbani. Amason Kingi, mwanasheria, alichaguliwa mbunge wa Magarini mwaka 2007, kisha akawa waziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, baadaye wa uvuvi. Katiba ya wakati ule ilitaka mawaziri watoke Bungeni.

Tangu uchaguzi wa 2013 mambo ni kinyume. Kifungu cha 152 cha Katiba ya 2010 kinamkataza waziri kuwa mbunge. Rais humteua, Bunge la Taifa humwidhinisha.

Na jingine, linalowaumiza hasa wazee wetu wenye kesi za mashamba: wakili wako akishaapishwa kuwa waziri, usimtarajie mahakamani. Kifungu cha 77 cha Katiba hiyo hiyo kinamzuia kufanya kazi nyingine ya malipo. Nenda ofisini kwake mapema, uchukue faili lako na hati zako zote, umkabidhi wakili mwingine kabla tarehe ya kesi haijafika.