Utulivu wa mgonjwa kabla ya kuingia thieta

Msimu huu wa baridi, malalamiko mengi kwenye sanduku la maoni yamehusu muda mfupi tu: tangu mgonjwa atoke wodini hadi aingie chumba cha upasuaji. Ndugu wanasema mgonjwa wao aliachwa koridoni, akapigwa baridi, hakuambiwa chochote. Wana haki. Ndiyo maana hospitali imetenga chumba cha kusubiria, na mimi kama mtaalamu wa usingizi naomba nieleze kwa nini kimepangwa hivyo.

Hofu hufanya kazi mwilini. Mapigo ya moyo huenda mbio, presha hupanda, na wakati mwingine dawa ya usingizi huhitajika zaidi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich wa Marekani alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala wakiona miti dirishani waliruhusiwa mapema na kutumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Hao walikuwa wameshapasuliwa, lakini tumeona hakuna sababu ya kungoja hadi hapo. Vitanda vyetu sasa vinatazama Mlima Loleza, hapa Mbeya.

Aliyelala chali haoni rangi ya ukuta, anaona dari. Tumeondoa taa iliyokuwa ikimulika usoni, tukafunika madoa ya unyevu. Vyombo vya chuma haviandaliwi tena karibu naye, kwa sababu mlio ule humwogopesha kuliko sindano. Na bibi aliyetoka Rungwe akisalimiwa "Ugonile", salamu ya Kinyakyusa, mabega yake hushuka hata kabla hujamgusa.

Baridi ya Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, si jambo dogo. Usingizi wa dawa hushusha joto la mwili, hivyo tunataka mgonjwa aingie akiwa na nyuzi 36 au zaidi. Mleteeni blanketi safi na soksi. Kitenge peke yake hakitoshi.

Sasa kufunga. Chakula chepesi kinaachwa saa 6 kabla ya upasuaji, cha mafuta saa 8, maziwa ya mama kwa mtoto mchanga saa 4, maji matupu saa 2. Chai ya maziwa inahesabiwa kama chakula. Uji ni chakula. Tumelisema hili wodini kila siku na bado vikombe vinapitishwa chini ya shuka. Ikibainika mgonjwa amekula, upasuaji usio wa dharura unaahirishwa, jina linatolewa kwenye orodha ya siku hiyo na kupangiwa tarehe nyingine, na vipimo vilivyopitwa na muda vinarudiwa. Lakini pia msimnyime maji tangu jioni kwa kuogopa. Kiu inamchosha na kumtia wasiwasi bure. Muulizeni mtaalamu wa usingizi saa kamili ya kuacha.

Ndugu mmoja anaruhusiwa kukaa naye hadi mstari mwekundu, yaani mpaka wa kuingia thieta. Mmoja. Wakija kumi na kuanza kulia, mgonjwa anaona anaagwa kama marehemu. Neno "nusu kaputi" nalo limewatia watu hofu isiyo na msingi: mgonjwa hafi nusu, analala kwa dawa, na kuna mtu anayemwangalia kila dakika hadi aamke. Maombi ya sauti ya chini yanakaribishwa. Mafuta ya upako yasipakwe kifuani, maana stika za mashine ya moyo hazishiki.

Orodha hubadilika ikija dharura, hasa mama anayehitaji kujifungua kwa upasuaji. Hapo muuguzi wa zamu anatakiwa kuja kumweleza mgonjwa na ndugu yake sababu ya kuchelewa, na kurudi kila nusu saa. Asipokuja, mfuateni mumuulize. Kuwajibu ni wajibu wake.