Mirija tisa ya Chicago na maghorofa yetu ya zege

Jengo lililojengwa Chicago kwa jina la Sears Tower, na ambalo tangu 2009 linaitwa Willis Tower, lina ghorofa 110 na kimo cha mita 442. Ujenzi ulianza 1970, boriti ya mwisho ya chuma ikapandishwa Mei 1973, na likashika nafasi ya kwanza duniani kwa miaka 25, mpaka minara ya Petronas ya Kuala Lumpur ilipotwaa taji hilo 1998. Wanaolitaja huanzia kwenye urefu na huishia hapo hapo. Mimi ni mhandisi wa miundo, kazi yangu iko hapa Kampala, na ninachokipenda katika jengo hili ni kingine kabisa. Ndani yake mna fikra moja kuhusu upepo, na fikra hiyo ilizaliwa kwanza katika majengo ya zege ambayo kimo chake si cha kututisha hata sisi.

Tuanze na mwenye jengo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Sears, Roebuck and Company ilikuwa kampuni ya rejareja kubwa kuliko zote duniani, yenye wafanyakazi wapatao 350,000. Watu wake wa Chicago walikuwa wametawanyika katika ofisi mbalimbali za jiji, na wakubwa wakataka wote wakae chini ya paa moja. Walitaka sakafu pana mno, ili idara nzima iwe ghorofa moja bila kugawanywa. Papo hapo walitaka ghorofa za ziada za kupangisha, hadi kampuni itakapokua na kuzihitaji yenyewe. Lakini mpangaji wa kawaida, wakili au wakala wa bima, sakafu pana haimsaidii. Anataka dirisha karibu na meza yake. Basi jengo lilitakiwa kuwa nene chini na jembamba juu. Kazi wakapewa watu wa kampuni ya usanifu ya Skidmore, Owings & Merrill: msanifu Bruce Graham na mhandisi Fazlur Khan.

Khan ningependa kila mwanafunzi wa uhandisi wa Makerere na Kyambogo amjue. Alizaliwa Dhaka mwaka 1929, katika nchi ya mito na mafuriko, baba yake akiwa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1952 alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Illinois, na katika miaka mitatu akatoka na shahada mbili za uzamili pamoja na uzamivu. Vita vya uhuru wa Bangladesh vilipozuka 1971, chuma cha Sears Tower kilikuwa kinapanda, na yeye huku anakagua mahesabu na huku anachangisha fedha na kuwasihi wanasiasa wa Marekani kwa ajili ya watu wake. Alifariki 1982 akiwa Jeddah, na umri wake ulikuwa miaka 52 tu.

Sasa upepo, kwa kuwa ndio mambo yote. Uzito wa jengo huongezeka kwa utaratibu: kimo kikiwa mara mbili, nguzo za chini hubeba takriban mara mbili. Upepo hauna adabu hiyo. Kimo kikiwa mara mbili, nguvu ya kulipindua jengo pale msingini huwa mara nne, na kuyumba kwa kilele huwa mara kumi na sita endapo muundo hukuuongezea unene. Na hapo tumechukulia kwamba upepo una kasi ileile chini na juu, jambo ambalo si kweli. Juu unavuma zaidi, na kasi ikiongezeka mara mbili shinikizo huongezeka mara nne.

Majengo marefu ya zamani yalipambana na hali hiyo kwa kujaza nguzo na boriti ndani, kila mahali, na kuzinenepesha kadiri ghorofa zilivyoongezeka. Khan aliona kwamba chuma kingi kinapotea bure. Nguzo iliyo katikati ya jengo hubeba mzigo wa sakafu vizuri, lakini katika kuzuia kupinda haina msaada mkubwa. Mwanzi ni mtupu ndani, na bado husimama mrefu kuliko mti mwingine wa uzito uleule, kwa sababu nyama yake yote imekaa pembeni, mbali na kitovu. Khan akafanya hivyo na jengo: nguvu akaihamishia kwenye kuta za nje.

Jaribio lake la kwanza kubwa, katikati ya miaka ya 1960, lilikuwa nyumba za kupanga za DeWitt-Chestnut hapo hapo Chicago, ghorofa 43, zote zege. Kuta za nje ni nguzo zilizokaribiana, kiasi cha mita 1.7 kutoka kitovu cha moja hadi cha nyingine, zikifungwa na boriti nene kila ghorofa. Ukilitazama kwa mbali ni ukuta wenye matundu ya madirisha. Kimuundo ni mrija mmoja. Mwaka 1969 likafuata John Hancock Center, ghorofa 100, na humo mrija ukafungwa kwa vyuma vya mshazari vinavyoonekana kwa nje mpaka leo, vikipita mbele ya madirisha bila kuficha kitu.

Mrija wa nguzo na boriti, hata hivyo, una udhaifu wake. Upepo ukipiga, ukuta wa mbele huvutwa na wa nyuma hubanwa. Kwa nadharia nguzo zote za ukuta huo zingegawana kazi sawa. Kwa kweli nguzo za pembeni ndizo zinazobeba zaidi, na zile za katikati ya ukuta hubeba kidogo, kwa kuwa boriti zinazopitisha nguvu kutoka pembeni zinapinda njiani. Ukuta ukiwa mpana sana, nguzo zake za katikati hulala usingizi. Na Sears walitaka jengo lenye upana wa takriban mita 69 kila upande.

Ufumbuzi ukawa kufunga mirija tisa pamoja, mitatu kwa mitatu. Husimuliwa kwamba Graham alishika sigara kadhaa mkononi, akazisukuma zipishane kimo, akamuuliza Khan kama jengo linaweza kusimama hivyo. Kila mrija ni mraba wa karibu mita 23, hauna nguzo hata moja ndani, na nguzo za kuta zake zimeachana mita 4.6. Mirija jirani inatumia ukuta mmoja. Kwa hiyo ndani ya jengo mna kuta mbili za nguzo zinazokwenda upande mmoja na mbili zinazozikata, na kuta hizo huziamsha zile nguzo za katikati zilizokuwa zimelala. Hapo ndipo ulipo uzuri wa kazi hii kwangu. Ukuta wa ndani ulioongezwa kwa ajili ya upepo ndio pia unaoruhusu jengo kupungua likipanda. Mirija miwili ya pembe zinazotazamana inaishia ghorofa ya 50. Miwili ya pembe nyingine inaishia ya 66. Kutoka hapo panabaki umbo la msalaba hadi ghorofa ya 90, kisha mirija mitatu inakatika na miwili tu inaendelea hadi juu. Kila mrija unapokatika, uliobaki umekamilika wenyewe, una kuta zake nne. Sears wakapata sakafu zao pana chini, wapangaji wakapata madirisha yao juu, na upepo ukakabiliwa kwa umbo lilelile.

Chuma kilichotumika ni kama kilo 160 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Empire State ya New York, iliyokamilika 1931 na yenye kimo cha mita 381, ilitumia takriban kilo 200. Jengo lililo juu zaidi limekula kidogo zaidi. Mtu akiniuliza uhandisi wa miundo unafanya nini, humpa mfano huo kabla ya mwingine wowote.

Namna walivyolijenga nayo inafaa kuangaliwa. Kiwandani walichomelea vipande vilivyokamilika: nguzo ya ghorofa mbili ikiwa na nusu boriti zimetoka pande zote mbili. Mjini ilibaki kuvipandisha na kuviunga kwa bolti katikati ya boriti, mahali ambapo nguvu ya kupinda inayoletwa na upepo ni sifuri au karibu yake. Kwa hiyo kiungo chepesi kiliwekwa pahali pepesi, na kazi nzito ya kuchomelea ikafanyika ndani, mbali na baridi na upepo wa Chicago.

Lifti ziko 104, nyingine za vyumba viwili vilivyopandana, kimoja juu ya kingine. Anayekwenda juu kabisa hupanda moja ya haraka hadi ukumbi wa katikati, kisha hubadilisha. Bila mpango huo mashimo ya lifti yangekula sakafu zote za chini.

Jengo hilo lilishtakiwa kabla halijakamilika. Wakazi wa vitongoji, na serikali za mitaa yao, walidai kwamba litawaharibia picha za televisheni, maana mawimbi yangezuiwa na chuma. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois ikaamua kwamba mwenye kiwanja ana haki ya kujenga, na ujenzi ukaendelea. Baadaye antena zenyewe zikawekwa juu ya paa lake.

Sitalisifu kwa kila kitu. Miguuni jengo hili lilikuwa baya. Liliwekwa juu ya uwanja mtupu wa mawe, upepo unashuka ukutani na kumpiga mpita njia, na ikabidi katikati ya miaka ya 1980 waongeze lango la vioo ili watu wajue pa kuingilia. Aliyezoea kutembea Kampala Road chini ya varanda za maduka ya zamani ya Wahindi, mvua ikinyesha na yeye hakulowa, ataona mara moja kilichokosekana. Na ile hesabu ya kampuni kukua haikutimia: ghorofa za juu zilikaa miaka mingi bila wapangaji wa kutosha, Sears wenyewe wakahamia kitongoji cha Hoffman Estates mwanzoni mwa miaka ya 1990, na 2018 wakaomba ulinzi wa mufilisi. Jengo limebaki imara kuliko aliyeliagiza.

Turudi Kampala. Sisi hatujengi kwa chuma, na sababu ni ya kweli. Saruji tunayo, ya Tororo na ya Hima. Mchanga na kokoto tunazo. Mafundi wa kufunga nondo na kupanga mbao za kumwagia zege tunao. Chuma kizito cha miundo hufika kwa barabara kutoka Mombasa. Kwa hiyo maghorofa yetu ni fremu za zege, yaani nguzo na boriti zilizofungwa pamoja, na katikati kuta nene zinazozunguka lifti na ngazi. Kwa ghorofa 20 au 30 muundo huo unatosha, na hapa pia Khan ametutangulia. Mwaka 1964 yeye na mhandisi mwenzake J. A. Sbarounis walichapisha namna ya kuhesabu ukuta na fremu vinavyofanya kazi pamoja. Ukuta ukiwa peke yake hupinda zaidi karibu na kilele. Fremu ikiwa peke yake husogea zaidi chini. Ukivifunga pamoja kwa sakafu, chini ukuta unaizuia fremu, juu fremu inauzuia ukuta. Mhandisi anayeupa ukuta wa lifti upepo wote na kuiachia fremu mzigo wa sakafu tu anamwaga zege ya ziada, na juu ya hapo haijui hali halisi ya nguzo zake za ghorofa za juu.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko Chicago, kwa sababu ya tetemeko. Tumekaa kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Toro la Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia, Fort Portal ilitikiswa tena Februari 1994, na lile la Bukoba, Tanzania, la Septemba 2016 liliangusha nyumba hata upande wetu wa mpaka, huko Rakai. Upepo husukuma jengo kwa ukubwa wa uso wake, lakini tetemeko hulivuta kwa uzito wake wenyewe. Kila tani ya zege isiyo na kazi ni tani inayoongeza nguvu ya tetemeko.

Na pabaya zaidi ni ghorofa ya chini. Mwenye kiwanja anataka ukumbi wa benki ulio wazi, maduka mbele, magari chini, kisha anaomba ukuta wa lifti utobolewe au uishie ghorofa ya kwanza. Mrija au ukuta unaokatika hapo huiachia ghorofa hiyo moja peke yake kazi ya jengo zima. Khan alikutana na ombi kama hilo katika Brunswick Building ya Chicago, ghorofa 37 za zege. Nguzo za nje zilizokaribiana zingeziba mtaa, basi akazikusanya juu ya boriti moja kubwa yenye kimo cha karibu ghorofa mbili, inayolizunguka jengo lote na kukaa juu ya nguzo kumi tu. Katikati akaacha ukuta wa lifti wa kubeba upepo. Boriti ya aina hiyo inawezekana kwa saruji yetu na nondo zetu. Ina bei kubwa, na inachukua kimo ambacho mwenye jengo alitarajia kukipangisha, kwa hiyo mimi huiweka mezani siku ya kikao cha kwanza, msanifu akiwa bado hajauchora ule ukumbi.