Unapiga tizi na misuli haiji? Soma haya kabla hujanunua vidonge

Mimi ni tabibu hapa Kigoma Mjini. Vijana wa Mwanga, Gungu, Ujiji na Kibirizi wanakuja kwangu na malalamiko yanayofanana: mazoezi wanafanya, vyuma wananyanyua, mwili uko vilevile. Wengine wanapofika wameshameza vidonge vya duka kwa miezi. Haya ndiyo maswali yao na majibu ninayowapa.

Nina miezi 6 sikosi mazoezi, lakini misuli haiongezeki. Nina ugonjwa?

Mara nyingi huna. Huli vya kutosha. Kunyanyua chuma ni kutoa oda tu, matofali yanatoka kwenye sahani, na matofali yenyewe ni protini. Kijana wa kilo 60 anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji karibu gramu 95 za protini kwa siku. Ninapowauliza wanakula nini, jibu ni chai na maandazi asubuhi, ugali wa muhogo na mchicha mchana, na usiku ugali ule ule. Ugali wa muhogo unashibisha kweli, lakini protini yake ni ndogo sana, inapitwa hata na ya ugali wa mahindi.

Na hii ni Kigoma, jamani. Dagaa wanaanikwa mbele ya macho yetu! Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, kwa hiyo gramu 50 zinakupa karibu gramu 30. Kula kiasi hicho mchana na usiku, ongeza kikombe cha maharage yaliyoiva (gramu 15), mayai 2 (gramu 12) na glasi ya maziwa (gramu 8). Hesabu imefika 95. Ziwa likifungwa kwa wavuvi na dagaa wakipanda bei, ongeza maharage ya Kasulu na karanga. Asiyenenepa kabisa asiogope kuunga mboga kwa mawese, kwa sababu mwili usiopata nguvu ya kutosha huchoma hiyo protini kama kuni.

Je, unga wa protini wa kwenye makopo?

Ni chakula kilichokaushwa. Ukiwa na hela na kopo ni halali, sina ugomvi nawe. Hela ikiwa ya kuunga, nunua dagaa.

Kuna vidonge vya kunenepesha. Rafiki yangu alimeza, ndani ya wiki 3 mwili ukajaa. Vinajenga misuli?

Havijengi. Vinabomoa.

Vidonge hivyo, vinavyouzwa kwenye vikaratasi visivyo na jina, mara nyingi ni viwili vilivyochanganywa. Kimoja ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Cha pili ndicho kinachonikosesha raha: deksamethazoni, ambayo vijana wanaiita deksa. Ni dawa nzuri ikiwa mikononi mwa daktari. Tunaitumia kwa mzio mkali, na kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. Ni dawa ya cheti, na kuna sababu ya kuwa hivyo. Kidonge kimoja cha miligramu 0.5 kina nguvu takriban sawa na homoni yote ya aina hiyo ambayo tezi zilizo juu ya figo zako hutengeneza kwa siku nzima. Vijana wanameza 2 au 3 kwa siku, miezi inapita.

Lakini mizani inaonyesha kilo zimeongezeka!

Zimeongezeka kilo za maji na mafuta. Mizani haijui tofauti. Mwangalie huyo rafiki yako vizuri: uso umekuwa wa duara, tumbo limetokeza, shingo imejaa kwa nyuma, mikono na mapaja vimebaki vyembamba. Deksa inavunja protini ya misuli, na inaanzia mapajani na mabegani, palepale unapohangaika kupajenga. Wanaokuja wamechelewa ninawapima kwa kitu kidogo tu. Namwambia kijana achuchumae, kisha asimame bila kushika kitu. Anashindwa. Kijana anayenyanyua vyuma vya zege kila jioni anashika meza yangu ili ainuke.

Halafu kuna sukari kupanda, presha, vidonda vya tumbo, mifupa kuwa dhaifu na kinga ya mwili kushuka. Kifua kikuu kilicholala kinaamka.

Nikimeza kidogo tu, nikachanganya na mazoezi na chakula kizuri?

Hapana. Hakuna kipimo kidogo cha deksa kinachojenga msuli. Chakula kizuri kingekujenga peke yake. Ukiongeza deksa, unajenga mchana na kubomoa usiku.

Muuzaji wa duka amesema hazina madhara.

Muuzaji hakukupima presha wala sukari, na siku utakayozidiwa hatakuwepo. Nasema kwa heshima zote kwa wenye maduka ya dawa wanaofuata taratibu, na wapo wengi: anayekupa deksa bila cheti, kwenye karatasi isiyo na jina, anakuuzia ugonjwa. Kidonge kisicho na jina usianze kukimeza.

Basi sindano za wanyanyua vyuma?

Hizo ni homoni za kiume. Zinaongeza msuli kweli, siwezi kukuficha. Zinaongeza pia hatari kwa moyo, na mwili ukiona homoni inaingia kutoka nje unaacha kutengeneza ya kwako: korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua au kuisha, matiti yanaota. Nimeulizwa na kijana aliyeoa kwa nini mkewe hashiki mimba, na yeye ndiye aliyekuwa anachoma sindano. Mkichangia sindano au kichupa, ongeza hatari ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Chakula nimerekebisha. Mazoezi niyafanyeje?

Kila msuli uguse mara 2 kwa wiki, na uupe kama saa 48 kabla ya kuurudia. Ongeza uzito au idadi kidogo kidogo. Anayepiga pushapu 30 zile zile tangu mwaka jana, mwili wake hauna sababu ya kukua. Lala saa 7 au 8. Ninyi mnaovua dagaa usiku kwa taa, laleni mchana kwanza, mazoezi yafuate. Ukitoka ziwani alfajiri ukaenda moja kwa moja kwenye vyuma, unajichosha bure.

Nimekata tamaa. Wenzangu wanajaa, mimi bado.

Nakuelewa, na nataka nikueleze jambo ambalo wengi hawaambiwi. Katika wiki za mwanzo nguvu inaongezeka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli, na kwenye kioo huoni kitu. Umbo linafuata baadaye. Anayeanza na anayekula vizuri akipata nusu kilo ya msuli kwa mwezi amefanya kazi nzuri. Kwa hiyo acha kujitazama kila asubuhi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mkono, kifua na paja mara moja kwa mwezi, andika kwenye daftari pamoja na uzito unaonyanyua. Na picha za kwenye simu usijilinganishe nazo. Hujui mwenye picha alichoma nini.

Kinachoniumiza ni kwamba wiki hizo za kukata tamaa ndizo wanazokwenda kununua deksa.

Nitajuaje kama ni ugonjwa kweli?

Ukipungua uzito huku unakula, usiite mazoezi. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho linalolowesha shuka: njoo upimwe kifua kikuu, vipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Kiu kali na kukojoa mara kwa mara: pima sukari. Mkojo mweusi kama kahawa baada ya zoezi zito, pamoja na misuli kuuma sana: njoo siku hiyo hiyo, figo ziko hatarini. Pima na VVU, umalize wasiwasi.

Nimemeza deksa miezi 2. Baada ya kusoma haya naitupa leo.

Usiitupe leo! Umeze au usimeze, usiamue peke yako. Ukiimeza kwa zaidi ya wiki 3 hivi, tezi zako zinakuwa zimelala. Ukiacha ghafla, mwili unabaki bila homoni inayoshikilia presha na sukari, na malaria ya kawaida, ambayo huku kwetu si mgeni, inaweza kukuua. Njoo kituoni na hicho kikaratasi mkononi, tukupunguzie kidogo kidogo. Hatutakugombeza. Mimi ninayeandika kwa ukali hapa sitakugombeza ukija.

Mimi nilishaacha juzi. Natapika, kichwa kinazunguka nikisimama, sina nguvu. Nisubiri hadi Jumatatu?

Usisubiri Jumatatu. Usisubiri hata asubuhi. Usinunue dawa ya malaria dukani ukalala. Mwambie mtu akupeleke hospitali sasa hivi, kwa bodaboda mkiwa mmekaa watatu, yeye nyuma akikushika, na atakayekupokea mlangoni mwambie neno hili kabla ya mengine yote: "Nilikuwa nameza deksa, nimeacha." Akilisikia, atajua akuwekee dripu na sindano gani. Ukilificha kwa aibu, atatibu malaria.