Mbung'o ni nzi gani?

Mbung'o, ambaye watu wengi wa Kanda ya Ziwa humwita ndorobo, ni nzi wa jenasi ya Glossina anayeishi kwa damu tupu, dume kwa jike. Jina hilo hutumika kwa spishi nyingi, kwa hiyo mvuvi aliyeng'atwa vichakani Rubondo na mchungaji aliyeng'atwa karibu na Serengeti watamtaja mdudu mmoja, ingawa huenda waliowang'ata ni wawili tofauti.

Yumo katika oda ya Diptera, wadudu wenye jozi moja ya mabawa, kwani ile ya pili imesinyaa ikabaki virungu vidogo vya kumsaidia kuruka sawasawa. Familia yake, Glossinidae, ina jenasi hii moja tu, na si ajabu ikatengwa: jike hatagi mayai, bali hulea buu mmoja mmoja tumboni na kumzaa akiwa amekomaa, tayari kujifukia ardhini.

Akitua, hulaza bawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mrija wake hutokeza mbele ya kichwa. Mrija pekee usikudanganye, maana chafuo wa zizini naye anao wa namna hiyo. Mimi huanzia kwenye bawa: katikati yake mishipa huzunguka kijisehemu chenye umbo la shoka, mpini na kichwa chake, na alama hiyo huonekana hata kwenye bawa lililochanika.

Spishi zake hugawanywa katika makundi matatu, la nyika, la kandokando ya maji na la misitu minene. Mwambao wa Ziwa Viktoria ni makao ya Glossina fuscipes, wa kundi la majini, ambaye hupenda mno damu ya kenge. Glossina swynnertoni ni wa nyika, hupatikana kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya tu, na jina lake linatokana na Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o kule Shinyanga.

Ili kuwatenganisha hawa wawili, mlaze nzi chini ya kioo cha kukuzia uangalie wayo wa mguu wa nyuma: pingili zote zikiwa nyeusi, ni wa majini, zikiwa nyeusi mbili za mwisho tu, ni wa nyika.