Ufadhili wa Ufaulu kwa Mwanafunzi wa Nje ya Jimbo: Kwanza Uliza Fedha ni za Nani

Aprili ndio mwezi ambao simu yangu hailali. Barua za udahili kutoka vyuo vikuu vya Marekani zimekwisha kufika, na tarehe 1 Mei, ambayo vyuo vingi vimeiweka kuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi, inakaribia. Mzazi hunitumia picha ya barua kwa WhatsApp pamoja na swali moja: "Mwalimu, wamempa mtoto dola 15,000 kila mwaka, si tukubali?" Mara nyingi barua hiyo imetoka katika chuo kikuu cha umma chenye jina kubwa, kilicho nje ya jimbo ambalo familia inaishi, na mara nyingi jibu langu humhuzunisha aliyeuliza. Dola 15,000 ni fedha nyingi kwa mtu yeyote, lakini tofauti kati ya ada anayotozwa mkaazi wa jimbo na ada anayotozwa mgeni inaweza kufika dola 30,000 au 40,000 kwa mwaka, na tofauti hiyo haitajwi katika barua ya pongezi.

Kwa miaka kumi na miwili nimezishauri familia zinazozungumza Kiswahili, nyingine zikiwa Dallas na Lexington, nyingine zikiwa bado Dar es Salaam na Mombasa, juu ya udahili na gharama za masomo. Katika muda huo nimejifunza kwamba suala la ufadhili unaotolewa kwa kigezo cha ufaulu katika vyuo vya umma vyenye ushindani mkali halieleweki mpaka mtu aulize fedha hizo ni za nani. Je, ni za walipa kodi wa jimbo, ni za chuo chenyewe, au ni za mtu aliyekwisha kufa na kuacha wakfu? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kama mtoto wa nje ya jimbo ana nafasi ya kweli.

Tuanze na walipa kodi. Chuo kikuu cha umma nchini Marekani si chuo cha taifa. Kilijengwa na jimbo kwa ajili ya watoto wa jimbo hilo, na bunge la jimbo hukipa ruzuku kwa sharti hilo. Ndiyo maana kuna ada mbili. Pale University of Michigan, kwa mfano, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliye mkaazi wa Michigan hutozwa ada isiyofika dola 20,000 kwa mwaka, ilhali aliyetoka Ohio, umbali wa mwendo wa gari wa saa moja tu, hutozwa zaidi ya dola 60,000, kabla hajalipia kitanda wala chakula. Mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline iliyotoka Connecticut, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mwanafunzi kabisa fursa ya kuthibitisha kuwa amekuwa mkaazi, lakini haki ya jimbo kuwatoza wageni ada kubwa zaidi ikaachwa palepale.

Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 majimbo mengi yalipunguza ruzuku, na vyuo vikatafuta mahali pa kuziba pengo. Mwanafunzi wa nje ya jimbo anayelipa ada kamili akawa ndiye kizibo. Jambo hili ni chungu kulisema kwa mzazi ambaye mwanawe amepata alama bora kuliko wenzake wote wa shule, lakini ni lazima lisemwe. Chuo kilicho na maelfu ya waombaji wa nje ya jimbo walio tayari kulipa ada yote hakina sababu ya kibiashara ya kumpunguzia mtu ada. Kadiri chuo cha umma kinavyochagua kwa ukali zaidi, ndivyo kinavyopungukiwa na haja ya kukununua. Tazama upande wa pili: University of Alabama, ambako wanafunzi wengi zaidi hutoka nje ya jimbo, kimekuwa kikitangaza jedwali linaloonyesha kwamba mwenye wastani huu wa alama na matokeo haya ya mtihani wa ACT au SAT atapata kiasi hiki, bila kuandika insha wala kufanyiwa usaili. Jedwali la namna hiyo hulioni Ann Arbor, kilipo chuo kile cha Michigan, wala Berkeley, chuo cha umma cha California.

Hapo ndipo wakfu unapoingia, na msomaji wa Lamu au Unguja atanielewa upesi, kwa sababu anajua mali ya wakfu ni nini: mwenye mali ameifunga kwa sharti, na wanaoisimamia hawana ruhusa ya kuigeuza matumizi. Mwaka 1945 John Motley Morehead III, mkemia na mfanyabiashara aliyewahi kusoma Chapel Hill, alianzisha wakfu wa kuwasomesha vijana katika University of North Carolina iliyoko mji huohuo, akifuata mfano wa ufadhili wa Rhodes ulioko Oxford. Mwaka 2007 wakfu wa Gordon na Mary Cain ulitoa dola milioni 100, na mpango ukaitwa Morehead-Cain. Unalipa ada, malazi, chakula, vitabu na shughuli za likizo za kiangazi kwa miaka yote minne. Hauulizi kipato cha mzazi. Na uko wazi kwa kijana wa North Carolina, kwa kijana wa jimbo lingine, na kwa aliyeko Arusha au Eldoret. Jirani yake ni mpango wa Robertson, ulioanzishwa mwaka 2000 kwa mchango wa Julian na Josie Robertson, ambao huwaunganisha wanafunzi wa Chapel Hill na wa Duke, chuo kikuu cha binafsi kilicho karibu. Katika University of Virginia nako kuna Jefferson Scholars, ambao wakfu wake ulianzishwa mwaka 1980. Huo kwa kawaida mwanafunzi hauombi mwenyewe, bali shule yake ndiyo humteua, na nimeona vijana wazuri wakiukosa kwa sababu tu hakuna mwalimu aliyejua kwamba shule ilikuwa na haki ya kuteua.

Ufadhili wa aina hii ni mkubwa kweli, lakini wanaoupata ni makumi tu kati ya maelfu wanaoomba. Nakuomba, mzazi mwenzangu, usijenge bajeti ya familia juu yake. Mwache mtoto aombe, tena msaidie aombe vizuri, lakini hesabu ya nyumbani ipigwe kana kwamba atakosa.

North Carolina inatufundisha pia jinsi siasa ya jimbo inavyoyagusa haya. Mwaka 1986 viongozi wa vyuo vya umma vya jimbo hilo waliweka kikomo kwamba wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza kutoka nje wasizidi 18%. Mwaka 2005 Bunge la jimbo likaruhusu kwamba mwanafunzi wa nje aliyepata ufadhili kamili ahesabiwe kama mkaazi, maana yake wafadhili walilipa ada ndogo ya ndani na jimbo likabeba kilichobaki. Mwaka 2010, hazina ilipokauka, Bunge liliifuta ruhusa hiyo. Wafadhili wakarudi kulipa ada ya mgeni, na kila dola ya wakfu ikapungua uwezo wa kusomesha. Alama za mtoto hazikuwa zimebadilika hata kidogo.

Kuna majimbo ambayo sheria yake imefungua mlango mdogo, na mlango huo hunivutia zaidi kuliko tuzo zenye majina makubwa. Sheria ya Texas inasema kwamba mwanafunzi wa nje aliyeshinda ufadhili wa ushindani usiopungua dola 1,000, akishindana na wakaazi wa Texas pia, anaweza kutozwa ada ya mkaazi kwa muda anaoushikilia ufadhili huo. Dola 1,000 kwa macho ni kidogo, lakini zinaweza kuvuta nyuma yake punguzo la makumi ya maelfu. Angalia, hata hivyo, kwamba sheria inaruhusu, haiamuru: kila chuo huamua kitatoa misamaha mingapi, na idadi yake imewekewa kikomo cha 5% ya wanafunzi. Pale University of Texas mjini Austin, ambako takriban 90% ya nafasi za mwaka wa kwanza ni za watoto wa Texas, usidhani kwamba kila barua ya ufadhili imebeba msamaha huo ndani yake, andika uulize. Georgia Tech, chuo cha umma cha jimbo la Georgia, wana tuzo iitwayo Provost, ambayo kazi yake ni kumwondolea mwanafunzi wa nje ile sehemu ya ada inayozidi ya mkaazi, kwa mihula minane. Kwa maoni yangu huo ndio muundo wa haki kuliko yote, kwa sababu unalenga jeraha lenyewe.

California nitaipita haraka kwa kuwa hakuna mengi ya kutumaini. Mgeni hulipa ada ya ziada ambayo kwa waliojiunga 2025 ilikuwa dola 37,602 juu ya ada ya kawaida, na tuzo ya Regents ya Berkeley, yenye heshima kubwa, kwa mwanafunzi asiye na uhitaji wa kifedha hubaki kuwa dola elfu chache tu.

Lakini kuna jambo ambalo nalitamani kila familia ya wahamiaji ilijue, na ndilo linalonifanya niandike haya. Wengi huniuliza juu ya ufadhili wa ufaulu huku wakipita juu ya msaada unaotolewa kwa kuangalia kipato. Vyuo viwili vya umma, University of North Carolina pale Chapel Hill na University of Virginia, vimeahidi kuziba pengo lote la uhitaji wa mwanafunzi waliyemdahili, yaani tofauti kati ya gharama na kile ambacho familia yake inahesabiwa kuweza kulipa, hata kama anatoka nje ya jimbo, mradi ni raia wa Marekani au ana hadhi inayokubalika kwa misaada ya serikali kuu. Mwenye grini kadi anakubalika. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anakubalika. Aliyepewa hifadhi anakubalika. Familia ya Kikongo iliyoko Lexington, baba akifanya kazi ya ghala zamu ya usiku na mama akihudumia wazee, inaweza kujikuta inalipa Charlottesville, kilipo chuo hicho cha Virginia, kiasi kidogo kuliko jirani yake mwenye kipato kikubwa aliyepata tuzo ya ufaulu mahali pengine. Ni lazima wajaze fomu mbili za kuomba msaada wa kifedha, FAFSA ya serikali kuu na ile ya CSS inayotakiwa na vyuo, na wazijaze mapema. Aliyeko nchini kwa viza ya mwanafunzi hayumo katika ahadi hiyo, na kwake ndiyo maana wakfu kama Morehead-Cain una uzito wa pekee.

Hadhi hiyohiyo ndiyo inayoamua nani ni mkaazi wa jimbo. Binti aliyeingia Kentucky kama mkimbizi akiwa na miaka tisa leo ni mtoto wa Kentucky mbele ya ofisi ya ada, sawa na yule ambaye babu yake alizaliwa pale. Nimewahi kukutana na familia ambayo ofisi ya chuo kimoja ilimwandika mtoto wao kuwa mwanafunzi wa kigeni kwa sababu tu alizaliwa kambini Nyarugusu. Walilipa mihula miwili kabla hatujapeleka vielelezo na kurekebishiwa. Kinyume chake, kuhamia jimbo lingine kwa ajili ya chuo hakukufanyi kuwa mkaazi: kwa kawaida hutakiwa miezi 12 ya kuishi pale kabla ya masomo, kwa nia isiyo ya kusoma.

Ukishapata barua, soma masharti yake kwa utulivu. Tuzo nyingi zimefungwa kwa kiasi maalumu, kwa hiyo ada ikipanda mwaka wa pili, tuzo haipandi nayo. Nyingi zinadai wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4.0 au zaidi, na muhula wa kwanza wa uhandisi umewaangusha wengi waliokuwa wa kwanza darasani nyumbani. Sehemu ya ufadhili inayolipia malazi na chakula huhesabiwa kuwa kipato kinachotozwa kodi, tofauti na inayolipia ada na vitabu. Uliza pia kama chuo kitapunguza msaada wake mtoto akipata fedha kutoka kanisani, msikitini au kwenye chama cha jamii yenu; Maryland ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuvizuia vyuo vyake vya umma visifanye hivyo, lakini majimbo mengi hayana sheria ya namna hiyo. Tena mzazi asitegemee mkopo wa Parent PLUS, ambao serikali kuu huwapa wazazi, kuziba kilichobaki kama zamani, kwa sababu kuanzia Julai 2026 mkopaji mpya ana kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa mtoto mmoja kwa jumla.

Limebaki suala la kalenda, ambalo huwapotezea vijana wetu nafasi kuliko alama. Tarehe ya kawaida ya maombi ikiwa Januari, mlango wa ufadhili huwa umefungwa zamani. Morehead-Cain hufunga Oktoba; Chapel Hill hupokea maombi ya mapema hadi katikati ya mwezi huohuo; na anayetaka kufikiriwa kwa tuzo ya ufaulu ya Banneker/Key ya University of Maryland anapaswa kuomba kufikia tarehe 1 Novemba. Mtanzania anayemaliza kidato cha sita Mei na kupata matokeo Julai anafika Oktoba akiwa na vyeti mkononi, naye ana muda wa kutosha kujiunga Agosti ya mwaka unaofuata. Mkenya anayefanya KCSE Novemba bado yuko katika maandalizi ya mtihani wakati ambapo insha zinatakiwa, na mwalimu wake mkuu pia ana shughuli. Kwa huyo, barua za mapendekezo ziombwe Juni, na rasimu za insha ziwe zimekamilika kabla ya kufungua muhula wa tatu.