Chai ya Boston haikumwagwa eti kwa vile ilipanda bei
Wengi bado wanaamini Wamarekani, enzi hizo wakiwa koloni la Uingereza, walimwaga chai Boston kwa sababu Uingereza iliwapandishia kodi. Hapana jamani, sheria ya chai ya 1773 ilishusha bei, maana Kampuni ya East India, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuwa hoi kwa madeni, iliruhusiwa kuuza chai moja kwa moja Amerika bila madalali, ila ushuru wa peni 3 kwa ratili, wa tangu 1767, ukabaki palepale. Hapo ndo penye ugomvi: ukinunua hiyo chai rahisi umeshakubali bunge la London, ambamo huna hata mbunge mmoja, likutoze. Na wauza magendo nao walikuwa wanapoteza soko, hilo halisemwi sana. Usiku wa Disemba 16 masanduku 342 yakapasuliwa kwa shoka yakamwagwa baharini, London ikafunga bandari ya Boston mpaka chai ilipwe, na 1775 risasi za vita vya uhuru wa Marekani zikaanza kulia.